Kuchagua Kigari cha Mtoto Mchanga Dodoma: Mwongozo Kamili

Kigari cha kwanza tulichomnunulia mtoto wetu kilikuwa cha rangi ya waridi, chenye maua madogo pembeni na vigurudumu vinane vya plastiki, viwili viwili kwa kila mguu. Tulikichagua kwa picha za simu, kikatumwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, na siku tulipokitoa nje kwa mara ya kwanza, huku Nzuguni, kilitembea kutoka getini hadi kwenye mchanga wa kona ya kwanza kikagoma. Vigurudumu vya mbele viligeuka upande vikajichimbia, na kadiri nilivyosukuma ndivyo vilivyozidi kuzama. Tulirudi nyumbani mtoto akiwa kwenye mbeleko na mume wangu akiwa amebeba kigari begani. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Mpwapwa kunisaidia siku za uzazi, alitutazama tukiingia akauliza, "Mwanangu, hivi huo mkokoteni ndio unaombeba mtoto, au ninyi ndio mnaoubeba?"

Kigari kile hakikuwa kibovu. Kingefaa kabisa mahali penye sakafu ya marumaru na njia za waenda kwa miguu zisizokatika. Tulikosea sisi, kwa sababu tulianza na kigari badala ya kuanza na njia. Dodoma ilipewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, na tangu Serikali ihamie huku lami imeongezeka mwaka hadi mwaka, lakini kati ya mlango wa nyumba na hiyo lami bado kuna kipande cha udongo mwekundu, mchanga, kokoto au korongo dogo lililochimbwa na mvua. Ni kipande hicho kinachoamua kigari kipi kinakufaa.

Jambo moja la lugha kabla ya kuendelea. Madukani neno moja hutumika kwa vitu viwili tofauti, na ukiulizia kwa simu unaweza kuletewa usichokitaka. Mwongozo huu unahusu kigari cha kusukuma, ambacho mtoto hulala au huketi ndani yake na mzazi hushika mpini. Kile cha duara chenye kiti katikati, ambacho mtoto hukisukuma kwa miguu yake mwenyewe, ni kitu kingine, hakimfai mtoto mchanga hata kidogo, na kwa sababu ya ajali za watoto kuporomoka nacho kwenye ngazi, Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake tangu mwaka 2004.

Hatua ya kwanza: ikague njia kabla ya kuingia dukani

Chukua kalamu na uandike safari ambazo kwa hakika utazifanya na mtoto katika miezi sita ya mwanzo. Kwa wengi wetu orodha hiyo ni fupi. Baada ya kujifungua, mama na mtoto hutakiwa kuonekana kliniki ndani ya saa 48, siku ya 7, siku ya 28 na siku ya 42, kisha zinafuata chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ongeza hapo ibada ya Ijumaa au Jumapili, soko, nyumba ya ndugu mmoja au wawili, na matembezi ya jioni. Kwa kila safari andika ni kiasi gani utakwenda kwa miguu na ni kiasi gani utapanda chombo. Mkazi wa Uhindini au Makole anayeweza kutembea hadi Nyerere Square ana mahitaji tofauti kabisa na mkazi wa Nkuhungu anayepanda bajaji kila anapotoka, na wote wawili hawafanani na mtumishi anayekaa Iyumbu na kusafiri kwa gari lake.

Baada ya hapo itembee njia yenyewe ukiwa na futi ya fundi. Pima kimo cha kizingiti cha mlango, ngazi za barazani, ukingo wa lami, na upana wa nafasi zilizoachwa kati ya mifuniko ya mitaro. Vipimo hivi vina kazi, kwa sababu gurudumu haliwezi kupanda kizingiti kinachofikia nusu ya kimo chake kwa kusukumwa tu, na kwa kweli huanza kusumbua mapema zaidi. Gurudumu la sentimita 15 likikutana na jiwe la sentimita 7 hukwama, na itakubidi uinue kigari upande mmoja huku mtoto akiwa ndani. La sentimita 30 hulipita jiwe hilohilo kwa urahisi zaidi. Ukiona kwamba njiani utainua kigari zaidi ya mara tatu au nne, fahamu kwamba unatafuta ama kigari cha magurudumu makubwa, ama njia nyingine, ama mbeleko.

Ninaitaja mbeleko kwa makusudi. Kwa safari fupi za mtaani, kwenye daladala iliyojaa, na kwenye njia za makorongo, mbeleko inakishinda kigari chochote kilichotengenezwa, na haigharimu zaidi ya kitenge. Kigari kinaizidi mahali mtoto anapohitaji kulala muda mrefu nje ya nyumba, mahali mama anapokuwa bado na maumivu ya mshono, na mahali panapokuwa na mizigo. Kama orodha yako haina hata moja kati ya hayo, unaweza kusubiri hadi mtoto aweze kukaa, ukanunua kigari chepesi cha bei ndogo, na ukaachana na sehemu kubwa ya mwongozo huu.

Hatua ya pili: hakikisha mtoto analala, haketi

Hapa ndipo vigari vingi vinavyouzwa kwa jina la "kuanzia kuzaliwa" vinapaswa kukaguliwa kwa macho makali. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito ukilinganisha na mwili wake, misuli ya shingo haijapata nguvu, na njia yake ya hewa ni nyembamba na laini. Akiwekwa kwenye kiti kilichosimama, kidevu huangukia kifuani, na njia hiyo ya hewa hubanwa bila yeye kulia wala kupiga kelele yoyote itakayokuamsha. Kwa hiyo, hadi aweze kukaa mwenyewe, jambo ambalo kwa watoto wengi hutokea karibu na mwezi wa sita, anapaswa kulala chali mahali palipo tambarare, au karibu na tambarare.

Kuna namna tatu za kulipata hilo. Ya kwanza ni kapu la kulalia, yaani kitanda kidogo chenye kuta, ambacho hukaa juu ya fremu na baadaye huondolewa ili kiti kiwekwe mahali pake. Hili ndilo bora zaidi kwa mtoto mchanga, ingawa huongeza bei na mara nyingi hufika mwisho wake mtoto anapofikia kilo 9 hivi au anapoanza kujiinua. Ya pili ni kiti ambacho mgongo wake hulala nyuma kabisa. Kiwango cha Ulaya cha EN 1888 kinataka kiti kinachotumiwa tangu kuzaliwa kiweze kufunguka angalau nyuzi 150 kati ya mgongo wa kiti na sehemu ya kukalia, na wewe usikubali pungufu ya hapo. Ya tatu ni kiti cha mtoto cha gari kinachobofywa juu ya fremu. Hiki ni kizuri kwa kumhamisha mtoto kutoka garini hadi mapokezi ya hospitali bila kumwamsha, lakini si mahali pa kulala saa nyingi, kwa kuwa humweka mtoto amejikunja. Ukifika unakokwenda, mtoe.

Kuhusu kiti cha gari chenyewe nitasema machache, kwa kuwa kinastahili mwongozo wake: mtoto mchanga hutazama nyuma ya gari, na kiti chake hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa (airbag) unaofanya kazi. Kigari cha kusukuma hakiwi kiti cha gari kwa namna yoyote ile, hata ukikifunga kwa kamba.

Ukiwa dukani, nenda na mfuko wa sembe wa kilo 5. Muuzaji atakushangaa, lakini mvumilie. Ulaze mfuko huo mahali pa mtoto, kisha usukume kigari, kisimamishe ghafla, kipandishe kwenye kizingiti cha duka na kukishusha. Mfuko ukiteleza kuelekea miguuni, au godoro likibonyea katikati kama machela, mtoto naye atateleza na kubonyea. Godoro liwe gumu na lijae kapu lote. Ukiweza kupitisha vidole viwili kati ya godoro na ukuta, ni dogo mno. Usiongeze mto, wala usizungushie blanketi nene la "kumpa joto", kwa kuwa vitu laini karibu na uso ni hatari kwa mtoto asiyeweza kugeuza kichwa.

Ikiwa mtoto amezaliwa njiti au na uzito mdogo, achana na kigari kwa wakati huo. Wauguzi watakuelekeza kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, utaratibu ambao wodini huitwa kangaruu, na wao ndio watakaokuambia lini anaweza kulazwa kwenye kitu kingine.

Hatua ya tatu: magurudumu, ambapo Dodoma ina mambo yake

Vitabu vya wenzetu wa ng'ambo husema kwamba kwa njia mbaya tairi la upepo ndilo bora. Ni kweli kwa upande wa starehe, maana hewa iliyomo hunyonya mitikisiko ya kokoto kabla haijamfikia mtoto. Lakini waandishi hao hawajakutana na mbigili. Kila anayeendesha baiskeli katika mkoa huu anaijua ile miba midogo yenye pembe, inayotambaa pembezoni mwa njia na kubaki ardhini baada ya mmea kukauka, tayari kuingia kwenye kandambili, kwenye mpira na kwenye mguu wa mtoto anayecheza. Tairi jembamba la kigari haliifikii tairi la baiskeli kwa unene, na kupata pancha ukiwa na mtoto wa wiki tatu, saa sita mchana, mbali na fundi, ni mtihani usiouhitaji.

Hata hivyo, ukilipenda tairi la upepo kwa sababu njia yako ni ndefu na ina mawe mengi, linaweza kusimamiwa. Hakikisha saizi yake ni inchi 12, ambayo hutumika kwenye baiskeli za watoto na mipira yake hupatikana kwa wauza vipuri vya baiskeli, na hakikisha neli yake ya kuingizia upepo ni ya aina ileile ya pikipiki ili pampu yoyote ya mtaani iingie. Nunua mpira wa akiba siku hiyohiyo. Magurudumu ya saizi za ajabu, ambayo mpira wake huagizwa kutoka nje, yaache huko dukani.

Tairi la sponji ngumu halipati pancha na ni jepesi. Mchanga na kokoto hulila polepole, lakini kwa mtoto mmoja litatosha. Tairi lililojazwa mpira ndani ni laini zaidi barabarani, na uzito wake ndio gharama yake. Plastiki tupu ni ya ndani ya nyumba na kwenye sakafu laini. Kwa maoni yangu, mkazi wa Dodoma ambaye nyumba yake haiko moja kwa moja kwenye lami atafute tairi la sponji au la kujazwa, la nyuma likiwa na kipenyo kisichopungua sentimita 25 na la mbele kisichopungua 18, na lote liwe pana. Upana ndio unaozuia kuzama mchangani. Ndiyo sababu ngamia ana wayo mpana na mbuzi hana.

Tazama kisha magurudumu ya mbele. Mengi huzunguka pande zote ili kigari kipinde kwa urahisi, na kwenye lami hiyo ni raha tupu. Kwenye mchanga magurudumu yale yale hugeuka yenyewe na kujichimbia, kama yalivyonifanyia mimi. Lazima pawe na kitufe au kifungio cha kuyafunga yaelekee mbele tu. Kifunge na kukifungua mara kadhaa dukani. Kama kinahitaji nguvu ya mwanamume mzima, ukiwa njiani peke yako hakitafungika. Mbinu iliyonisaidia baadaye ni kuyafunga na kukivuta kigari kinyumenyume kwenye mchanga mzito, ili magurudumu makubwa ya nyuma yatangulie.

Springi au shokapu ziwepo, angalau kwenye magurudumu ya nyuma. Bonyeza mpini kwa mikono miwili uone kama fremu inashuka na kurudi taratibu. Ikidundadunda kama mpira, mtoto atadundadunda. Vigari vya magurudumu matatu vinapita vizuri kwenye njia nyembamba na kwenye kokoto, ila gurudumu la mbele likitumbukia kwenye nafasi ya mtaro, kigari hupoteza mizani kwa urahisi zaidi kuliko cha manne. Wapo wanaovinunua kwa ajili ya kukimbia asubuhi. Hilo lisubiri hadi mtoto apite miezi sita na shingo yake iwe imara.

Hatua ya nne: uzito na kukunjika

Vigari vyepesi vinavyokunjika kama mwavuli huwa na kilo 5 hadi 7. Vyenye kapu na magurudumu makubwa huwa na kilo 10 hadi 15. Namba hizi hazisemi kitu mpaka uzibebe, kwa hiyo jaribu hivi nyumbani: jaza maji dumu la lita 10, ambalo litakuwa na takriban kilo 10, libebe kwa mkono mmoja huku mkono mwingine umeshika mto kama mtoto, panda nalo ngazi zako, kisha liinue hadi kwenye kiti cha bajaji. Fanya hivyo ukikumbuka kwamba mama aliyejifungua kwa upasuaji hushauriwa kutonyanyua kitu kizito kuliko mtoto wake kwa wiki kadhaa za mwanzo. Kama jaribio hilo limekuchosha, punguza uzito au pangeni ndani ya nyumba nani atakuwa anakibeba.

Bajaji ndiyo kipimo cha kweli cha kukunjika. Mwombe dereva wa kijiwe chako akuruhusu upime nafasi ya nyuma ya kiti na mahali pa kuwekea miguu, kisha linganisha na kigari kikiwa kimekunjwa. Kigari kisafiri kimekunjwa, mtoto akiwa mikononi mwako. Kumweka mtoto ndani ya kigari kilichosimama kwenye bajaji inayotembea ni kumweka juu ya magurudumu yasiyofungwa popote. Kwenye daladala ndogo, hasa saa za kwenda Mtumba kwenye Mji wa Serikali na kurudi, kigari kikubwa kitakugombanisha na konda na abiria, nao watakuwa na haki. Bodaboda hatuizungumzii.

Jaribu kukikunja kwa mkono mmoja. Muuzaji atakuonyesha kwa sekunde mbili, kwa kuwa anafanya hivyo kila siku. Fanya mwenyewe mara tatu bila kusaidiwa. Kisha angalia kama kikikunjwa kinasimama chenyewe au kinalala chini, maana kulaza kitambaa anacholalia mtoto kwenye vumbi la kituo ni kazi ya kufua.

Mpini uwe kwenye usawa wa kiuno hadi kitovu chako, na kama baba na mama wamepishana sana kwa urefu, chagua unaopandishwa na kushushwa. Mume wangu alisukuma kigari chetu cha kwanza ameinama kama anayepalilia karanga.

Hatua ya tano: breki, mikanda na maungio

Breki nzuri hufunga magurudumu yote mawili ya nyuma kwa kukanyaga mara moja. Ifunge, kisha kisukume kigari kwenye mteremko kikiwa na mfuko wako wa sembe ndani; kisisogee hata kidogo. Katika jiji letu hili jambo lina uzito wa pekee, kwa sababu upepo wa kiangazi, hasa Julai hadi Oktoba, una nguvu ya kukisukuma kigari chepesi chenye kivuli kilichofunguliwa kama tanga. Funga breki kila unaposimama, hata kwa dakika moja ya kulipia nyanya, na kama mpini una kamba ya kuvaa kwenye kifundo cha mkono, ivae.

Mkanda uwe wa ncha tano: mabegani kuwili, kiunoni kuwili na katikati ya miguu. Hautatumika kwenye kapu, lakini utauhitaji kwenye kiti kuanzia siku ya kwanza mtoto anapokikalia. Kifungio cha mkanda kiwe cha plastiki kuliko chuma, kwa sababu chuma kilichoachwa juani mwezi wa Oktoba huunguza.

Maungio ya kukunjia ndiyo watu wanayoyasahau. Mwaka 2009 nchini Marekani vigari takriban milioni moja vilitangaziwa kasoro na wenye navyo wakapewa vifuniko na mtengenezaji, baada ya watoto kukatwa ncha za vidole na maungio ya pembeni wakati wa kukunjua. Pitisha kidole chako polepole, kigari kikiwa kimetulia, kila mahali vyuma viwili vinapokutana. Penye nafasi ya kidole pawe na kifuniko. Hakikisha pia pana kifungio cha pili kinachozuia kigari kujikunja chenyewe, na ujiwekee kanuni kwamba hakikunjwi wala kukunjuliwa mtoto akiwa karibu.

Mwisho, tundika mpinini mfuko wenye kilo mbili au tatu uone. Vigari vyepesi vitaanguka kinyumenyume papo hapo. Mizigo ina kapu lake chini ya kiti. Huko ndiko viazi viende.

Hatua ya sita: jua, vumbi na khanga

Hapa nitabishana na mazoea yetu. Tukitoka na mtoto mchanga tunamfunika khanga nzima kuanzia kichwani, kwa sababu ya vumbi, kwa sababu ya upepo, na tusidanganyane, kwa sababu ya macho ya watu. Mtoto akiwa mgongoni madhara ni madogo, kwa kuwa mama anamsikia na kumgusa. Kwenye kigari, khanga iliyofunika kapu lote huzuia hewa kuzunguka, na joto la ndani hupanda haraka hata kama wewe uliye nje unahisi upepo. Mtoto mchanga hawezi kujipoza vizuri wala kuisukuma khanga. Kwa hiyo nunua kigari chenye kivuli kipana kinachoshuka chini hadi usawa wa kifua cha mtoto, chenye dirisha la neti nyuma ili hewa ipite. Ukilazimika kuongeza khanga, ibane upande wa jua au upande unakotoka upepo tu, upande mwingine ubaki wazi, na umguse mtoto shingoni kila baada ya dakika chache. Shingo ikiwa na jasho, ondoa kitu.

Kwa vumbi lenyewe, dawa ya kweli ni kuchagua saa. Kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi na moja jioni jua limepungua makali, na ni saa nzuri kuwa kwenye bustani ya Chinangali au kwenye mtaa wenye lami. Asubuhi za Juni na Julai, kwa upande mwingine, baridi ya huku ni kali kuliko wageni kutoka pwani wanavyodhani, na mtoto avalishwe soksi na kofia.

Rangi nyeusi hunyonya joto. Nyeupe itakuwa nyekundu ndani ya wiki. Kijivu au kaki huficha udongo na hupoa haraka. Muhimu kuliko rangi ni kitambaa kinachovuliwa kwa zipu au vifungo na kufuliwa kwa maji ya beseni moja, kwa kuwa siku za mgao wa maji hutakuwa na mabeseni matano. Neti ya mbu inayoenea kigari chote ni ya lazima msimu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kama haikuja na kigari, fundi cherehani atakushonea.

Hatua ya saba: kununua

Ukiweza, nunua mahali unapoweza kukigusa, iwe ni kwenye maduka ya katikati ya mji au Kariakoo ukiwa na safari. Ukinunua kwa picha, mwombe muuzaji akutumie video ya mambo manne: kiti kikilala hadi mwisho, magurudumu ya mbele yakifungwa, breki ikikanyagwa, na kigari kikikunjwa. Asiyetaka kutuma video, muuzaji mwingine yupo. Dai risiti, na mkubaliane kwa maandishi nani anabeba gharama kama kimevunjika njiani. Boksi usilitupe.

Kigari cha mtumba si aibu, na mtumba wa Ulaya au Japani mara nyingi ni imara kuliko kipya cha bei hiyohiyo. (Wageni wanaotafuta Mji wa Serikali wanapoelekezwa "Mtumba" na kushangaa, waelewe kwamba huo ni mji, na huu ninaousemea ni wa soko la Sabasaba.) Kikague kwa mpangilio huu: fremu isiwe na ufa wala ulehemu wa fundi, breki zishike, mikanda isiwe imechanika au kupaushwa na jua, magurudumu yasiyumbe yanapozungushwa, na pasiwe na harufu ya ukungu kwenye godoro. Godoro la kapu nunua jipya hata kama la zamani linaonekana safi. Kiti cha gari cha mtumba ambacho hujui historia yake usikinunue kabisa, maana kikiwa kimewahi kupata ajali, ufa wake unaweza usionekane.

Baada ya kununua, kitoe nje siku mbili tatu na sembe kabla ya mtoto. Kila wiki futa vumbi kwenye ekseli na maungio kwa kitambaa kikavu. Usipake grisi wala mafuta ya kupikia, kama nilivyoshauriwa na jirani mmoja mwenye nia njema. Mafuta hukamata mchanga, na mchanga uliochanganyika na mafuta husaga beringi kama msasa. Gurudumu likianza kulia, livue, lipulize, lifute, na kama bado linalia mpelekee fundi baiskeli akubadilishie beringi. Mwambie namba iliyoandikwa ubavuni mwa beringi yenyewe, maana akikadiria kwa macho atakuletea ya saizi nyingine, na utarudi tena kesho yake.